Maji Matupu

Mtoto hukaa majini miezi tisa, na anapozaliwa vidole vyake havina mkunjo hata mmoja. Mtu mzima akitia mikono kwenye beseni nusu saa tu, ncha za vidole zimeshanywea na kufifia rangi. Wakunga wanaijua siri ya mtoto, maana ndiyo wanayoifuta: ule utando mweupe, mzito, wa mafutamafuta, unaoganda kwapani, mgongoni na kwenye mikunjo ya mapaja. Hujijenga miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ngozi inapokomaa, na humkinga mtoto na majimaji yale yale yanayomlea. Huku kwetu utando huo umesingiziwa mengi. Ziko sehemu ambako mama huambiwa hakujizuia na mumewe siku za mwishomwisho, basi mtoto akaogeshwa mbiombio ili aibu iondoke na maji ya kwanza. Shirika la Afya Duniani sasa linashauri asiogeshwe mpaka zitimie saa 24, na utando uachwe unywewe na ngozi wenyewe.

Naanza na mtoto kwa sababu yeye ni ushahidi kwamba mwili hauyaamini maji. Sisi ndio tunaoyaamini. Mtu mikono ikimpasuka atailaumu sabuni ya unga, atalaumu magadi, chumvi, kipupwe cha Juni, hata umri. Maji hayamo kwenye orodha ya washukiwa. Maji ndiyo yanayooshea kidonda, yatakuwaje tena ndiyo yaliyokileta?

Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile tunaloligusa tukishikana mikono, limekufa. Ni chembe bapa, kavu, zilizopandana safu kumi na tano mpaka ishirini, na ukiacha viganja na nyayo, unene wake wote kwa kawaida hauzidi sehemu ya hamsini ya milimita. Kati ya safu na safu kuna mafuta ya namna yake, na ndani ya chembe zenyewe kuna vitu vya kuvuta na kushika unyevu: yurea, asidi za amino, chumvichumvi. Ni paa la makuti. Hakuna kuti moja linaloweza kuzuia mvua peke yake. Kinachozuia ni jinsi yalivyolaliana. Na kila aliyewahi kuezeka anajua kwamba makuti hayauawi na mvua. Yanauawa na kivuli cha mwembe kinachoyanyima jua baada ya mvua.

Maji yakikaa juu ya ngozi, chembe zile zinayanywa na kuvimba. Ngozi iliyolowekwa kutwa na kucha, tabaka hilo laweza kuumuka mara nne ya unene wake. Yakizidi kukaa yanayafikia yale mafuta ya katikati na kuyavuruga mpangilio wake. Jambo hili limeonekana kwa hadubini ya elektroni, na maji yaliyotumika yalikuwa maji tu, hayana sabuni wala dawa. Wakati huo huo vile vitu vya kushika unyevu vinayeyuka na kuondoka. Hapo ndipo linapokuja jambo ambalo akili inakataa kulipokea mara ya kwanza: ngozi ikitoka majini hukauka kuliko ilivyokuwa kabla ya kuingia. Imepoteza kilichokuwa kinazuia unyevu usitoke, na imepoteza kilichokuwa kinaushika. Mkono ulioshinda kwenye maji, usiku unakwaruza shuka.

Kisha unaingia tena asubuhi. Unavimba, unanywea, unavimba, unanywea, mpaka unachanika pale unapokunjwa sana: kwenye vifundo vya vidole, kwenye utando wa kati ya kidole gumba na cha shahada, na miguuni kwenye kisigino, ambako tumezoea kuiita magaga na kuisugua kwa jiwe. Mafuta ya asili hayawezi kusaidia sana viganjani na nyayoni, kwa sababu huko hakuna kabisa vitezi vya mafuta. Ndipo sabuni inapopata mlango. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ni tano hivi. Sabuni ya mche inafika tisa au kumi. Maji ya kitunguu, pilipili, utelezi wa samaki, klorini, vyote vinapita kwenye mpasuko ambao havikuufungua. Sabuni tunaikamata ndani ya nyumba, naye aliyevunja mlango ameshakwenda zake.

Miaka ya 1970 watafiti wa Marekani waliamua kumshitaki huyo aliyevunja mlango. Waliwafunga watu vitambaa vilivyoloa maji, wakaviziba visikauke, wakaviacha siku baada ya siku. Ngozi iliyofunikwa ikavimba, ikawasha, ikatoa ukurutu. Maji matupu. Wajerumani, watu wa kanuni, waliligeuza jambo hili kuwa hesabu ya kazini: anayeshinda na mikono majini zaidi ya saa mbili kwa siku anahesabiwa kuwa anafanya kazi ya majimaji, na mwajiri wake ana wajibu juu ya ngozi yake. Msusi wa Hamburg anayeosha vichwa anaingia humo. Muuguzi anaingia humo. Na la kushangaza zaidi, kwa miaka mingi hata aliyevaa tu glavu za mpira saa mbili alihesabiwa humo, maana jasho lililofungiwa ndani ya glavu ni maji pia, na halina pa kukimbilia.

Saa mbili! Mama lishe wa sokoni anazimaliza kabla chai ya asubuhi haijaisha.

Nirudi kidogo kwenye vile vidole vya ndani ya beseni, maana watu wengi hudhani kunyanzika kwao ni ngozi kuvimba tu kwa kunywa maji. Sivyo. Mwaka 1936 madaktari wawili wa London, Thomas Lewis na George Pickering, waliona kwamba mtu aliyekatika neva ya mkono vidole vinavyotegemea neva hiyo havinyanziki hata akivilaza majini. Kwa hiyo mikunjo ile ni amri inayotoka ndani: mishipa midogo ya damu inajibana, nyama ya ncha ya kidole inapungua, ngozi ya juu inabaki na upana usio na cha kufunika. Madaktari wakapata kipimo cha bure, bakuli la maji ya uvuguvugu na subira ya nusu saa, na kimetumika hata kwa wagonjwa wa ukoma kujua ni kidole gani kimepoteza hisia na kitaungua jikoni bila mwenyewe kujua. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle walisema vidole vilivyokunyanzika hushika vizuri vitu vilivyolowa; mwaka uliofuata wenzao wa Berlin wakajaribu, hawakuona tofauti. Ubishi bado unaendelea, nami sina haraka nao. Linalonivutia ni kwamba mwili hautulii ukiwa majini. Tunadhani tumekaa tu, kumbe ndani kuna shughuli.

Historia ya jambo hili imeandikwa zaidi na majeshi kuliko na hospitali. Majira ya baridi ya 1914 kuingia 1915, jeshi la Uingereza huko Ufaransa na Ubelgiji lilijikuta na wagonjwa zaidi ya 20,000 ambao hawakupigwa risasi. Walikuwa wamesimama kwenye mahandaki yaliyojaa maji na tope la baridi, buti miguuni, siku nyingi bila kuzivua. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, ikageuka rangi, mingine ikaoza mpaka ikakatwa. Dawa iliyopatikana haikuwa ya kitaalamu sana: soksi kavu, mafuta ya nyangumi, na amri ya askari wawili wawili kukaguana nyayo. Ofisa ambaye kikosi chake kilikuwa na miguu mibovu aliulizwa maswali. Mguu wa askari ulikuwa mali ya serikali.

Vita hiyo hiyo ilipiganwa huku pia. Mvua za mwanzo wa 1917 zilipofurika bonde la Rufiji, wapagazi wa Kiafrika walikuwa wanavuka mabwawa na vinamasi wakiwa na mizigo ya majeshi kichwani, wengi wao pekupeku. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina lao. Idadi ya waliokufa imebaki kuwa makadirio mpaka leo, makumi ya maelfu, kila mwanahistoria na tarakimu yake. Ikiwa hata vifo havikuhesabiwa sawasawa, nani angehesabu nyayo?

Nusu karne baadaye wanajeshi wa Marekani walirudia somo hilo huko Vietnam, katika majaruba ya mpunga ya delta ya Mekong, safari hii kwenye maji ya joto. Hapakuwa na baridi ya kuua neva. Palikuwa na uvuguvugu, na uvuguvugu huyapenyeza maji ngozini haraka zaidi. Baada ya siku mbili tatu nyayo zilikuwa nyeupe, zimekunjamana, na kukanyaga kulikuwa kama kuadhibiwa. Divisheni ya Tisa ikafika mahali pa kuweka kikomo: saa 48 ndani ya majaruba, kisha kutoka na kukauka. Hawakupata mafuta ya ajabu yanayomwezesha mtu kuishi majini. Walipata ratiba. Askari aliyetolewa kwa wakati, ngozi yake ilirudi yenyewe katika siku chache.

Kwa wapandikizaji wa mpunga wa kwetu, wa Mbarali au wa Mwea, kuna la kuongeza, kwa sababu maji ya jaruba si maji matupu. Yana konokono, na konokono ana kichocho, na viluwiluwi vya kichocho hupita kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha kwa dakika chache tu. Anayewashwa miguu akitoka shambani ana sababu zaidi ya moja ya kuwashwa, na asilimalize neno hilo kwa kupaka mafuta.

Sasa niseme la bahari, maana hata hizo safari za mahandaki na Mekong nilikuwa nakuja huku.

Mwani wa kulimwa uliingia Unguja mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, ukaanzia pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Kabla ya hapo Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameshapiga mbiu miaka mingi kwamba pwani yetu ina mali. Leo wakulima ni zaidi ya 20,000 na wengi wao sana ni wanawake. Kazi inafuata mwezi. Siku za bamvua maji yanatoka mbali, saa nne hivi za asubuhi ufuko umeachwa wazi, na wanawake wanashuka na kamba, vijiti na mbegu. Wanainama kwenye maji ya magotini, mara nyingine ya kiunoni, wanafunga vishada kwa vikamba vya taitai, wanang'oa vilivyokomaa, wanaburuta magunia, mpaka bahari irudi kuwafukuza. Chumvi ya bahari ina fadhila moja: huchelewesha maji kupenya ngozini, na ndiyo maana vidole havinyanziki baharini haraka kama kwenye ndoo ya bombani. Lakini fadhila hiyo inalipwa juani. Maji yakikauka mkononi yanaacha chumvi, chumvi inakuna, kamba inasugua pale pale ilipokuna. Miguuni wengi huvaa soksi na viatu vya plastiki kujikinga na makombe na miiba, na kiatu kilichojaa maji ni lile lile buti la handaki, ila la bei nafuu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wanawake hawa uliandika malalamiko yao: uchovu, maumivu ya mgongo na viungo, macho, majeraha ya makombe, mzio. Ngozi peke yake haikupewa sura yake, na sishangai. Mtu mwenye maumivu ya mgongo hataanza kusimulia vidole.

Nilimkuta mmoja Jambiani anatandaza mwani wake juu ya makuti. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu marahaba mwanangu, na baada ya habari za nyumbani na za wazee nikamwuliza kuhusu mikono. Alinionyesha bila kuacha kazi. Kucha zilikuwa zimelika, na kwenye vifundo palikuwa na mistari myembamba myeupe iliyopona na mingine myekundu ambayo haijapona. Nikamwuliza kama ni chumvi. "Chumvi, jua, kamba, konyeza," akasema, "wewe chagua." Maji? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama hewa inamdhuru. "Hayo maji ndiyo kazi yenyewe, mwanangu. Ukiyaogopa utalima nini?"

Pembeni yake mwani ulikuwa unakauka, siku ya pili hiyo. Siku mbili tatu za jua kali ndizo zinazoufanya uwe bidhaa. Mnunuzi akija anaushika, anaukunja, na ukiwa bado mbichi anakata bei au anakataa kupima. Mali hii inakaguliwa ukavu kuliko askari wa mwaka 1915 alivyokaguliwa nyayo. Kisha inasafirishwa, inakamuliwa karagenani, ute unaotumiwa viwandani: kwenye aiskrimu, dawa ya meno, na losheni za kulainisha mikono. Wapo waliokwisha kuuona mchezo huo na kujitengenezea vyao. Kidoti kuna kikundi cha wanawake kinachotengeneza sabuni ya mwani, na Paje pia wanatengeneza. Wageni wa hotelini huzinunua zikiwa zimefungwa vizuri kwa ukili.

Kitu kingine kinakuja, nacho ni joto. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakizidi kupata moto, na ile aina ya mwani yenye bei nzuri inadhoofika na kufa. Dakta Flower Msuya na wenzake wamekuwa wakijaribu kuuhamishia kwenye kina kirefu, kwa nyavu za mfano wa mirija. Mwani unafurahi huko. Wakulima wenyewe wengi hawajui kuogelea. Kwa upande wa ngozi hesabu haikai vizuri kokote: ukibaki, unasimama kwenye maji ya uvuguvugu zaidi, yale yaliyowashinda askari wa Mekong, ukienda mbele, unaloa mpaka shingoni.

Kinga yenyewe ni jambo la kawaida mno, na ndiyo sababu halina wa kulipigia debe. Mafuta ya mgando yapakwe kabla ya kuingia majini, maana huko ndiko yanakofanya kazi ya kizuizi. Yapakwe tena mtu akitoka, akiisha kujisuuza kwa maji baridi na kujifuta taratibu bila kusugua, katikati ya vidole vya miguu hasa. Glavu zisaidie, ndani yake kiwemo kitambaa cha pamba, na zivuliwe mara kwa mara. Mwaka 2020 ndoo za koki ziliposimama kwenye kila mlango na sote tukanawa mpaka ngozi ikalia, tangazo lilisema sekunde 20. Sikusikia tangazo lililosema ujikaushe na upake mafuta. Waliotunga kitakasa mikono cha Shirika la Afya Duniani walilifikiria: kwenye fomula yao kuna glisirini, asilimia 1.45, ambayo haiui kirusi chochote. Imewekwa kwa ajili ya ngozi ya anayenawa.

Lakini mafuta bila muda wa kukauka ni nusu ya kazi. Nilipolifikia hilo, pale Jambiani, niliona bahari imewafanyia wakulima wa mwani kile Divisheni ya Tisa ilichowaamrisha askari wake. Baada ya bamvua huja maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha, shamba halifikiki, wiki nzima karibu hakuna wa kushuka. Ni ratiba ya kulowa na kukauka, imepangwa na mwezi, na wiki moja inaipa ngozi ya mkono nafasi ya kuanza kujijenga upya. Nikamweleza yule mama, nikifurahia ugunduzi wangu: kwa hiyo siku za maji mafu mikono inapumzika?

Alicheka mpaka jirani yake akageuka kuuliza kuna nini.

"Siku za maji mafu," akasema, "ndiyo tunafua."